Kundi la Pili Tulilomficha Kuka

Kiminini, Jumapili alasiri

Nafula mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako ninaijua: uko kwa msusi pale karibu na steji tangu saa tano, shingo inakuuma, na umebakisha upande mmoja. Yangu utaijua ukimaliza kusoma.

Sitaandika habari za blanketi, wala za kufunga mlango, wala za kutokunywa dawa tumbo likiwa tupu. Hayo babako ameyasema wiki nzima, asubuhi na jioni, hata mbuzi wetu sasa wanayajua. Barua hii ni ya jambo moja tu. Nimechagua kuliandika kwa sababu ningelisema kwa mdomo ungenijibu, na wewe kujibu unajua. Ulikotoa tabia hiyo hatuhitaji kuulizana.

Jambo lenyewe ni lile la Alhamisi.

Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, simu yako iko juu ya gunia. Ikalia. Ukaiangalia, ukacheka, ukanieleza. Chuo chenu kimewapa kazi ya kikundi hata kabla hamjaripoti, watu watano watano, mnakutana kwenye simu tu, na kazi inatakiwa Ijumaa hii inayokuja. Huyo wa tano wenu, Chemtai, wa huko juu mlimani ambako mtandao huja ukipenda, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa dakika saba akieleza sehemu yake. Nikakuuliza kama mtausikiliza.

"Nani? Aki Mama, huyo dem anatuchelewesha. Na vitu anasema haziko kwa swali. Si tulifungua grupu ingine ya watu wanne, kazi tunafanyia huko. Hiyo ya kwanza tumemwachia, tunamwambia tu 'sawa, asante'. Lakini jina lake tutaweka. Hatuwezi kuwa wabaya hivyo."

Ulisema kwa moyo mweupe kabisa, huku vidole vinaendelea na gunzi. Mimi nikainuka nikaenda jikoni kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni. Hakukuwa na sufuria. Nilisimama huko nikashika ukuta, kwa sababu maneno yale yote, hata lile la jina, niliwahi kuyasema mimi. Niliporudi ukaniuliza kama macho yangu yameingia vumbi, nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Sasa nakuambia ukweli.

Unakumbuka nilipokuwa nasoma shahada yangu. Ulikuwa kidato cha pili, na wewe ndiye uliyenifundisha kuiegemeza simu kwenye kopo la majani chai ili mhadhiri asinione kidevu peke yake. Wewe uliona mama anasoma. Hukujua anasoma na nani.

Mhadhiri alitupanga wanne wanne kufuata maeneo tunakotoka. Yakaja majina yetu kwenye kundi la simu: mimi; Simiyu, kijana mwalimu wa Kitale mjini; Nekesa, mwalimu wa Malakisi; na jina la nne nikalisoma mara tatu. Lilikuwa jina la Kuka wako wa Lugulu. Yeye mwenyewe, mdogo wa marehemu babu yako, na kwa hesabu ya ukoo wetu ni baba mkwe wangu hasa, hakuna pungufu. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu ualimu, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba amejiandikisha chuo. Nadhani aliniona mimi akashtuka kuliko nilivyoshtuka.

Wewe umekulia Kiminini, mambo haya unayaona nusu nusu ukienda kwa shughuli. Kwetu Bungoma, mke na baba wa mumewe ni watu wa kupishana njia. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Akiketi hapa, yeye huketi kule, na jina lake halitamki. Mimi sijawahi kulitamka, na ukiangalia vizuri, hata kwenye barua hii sijaliandika, nimemwita Kuka tu, babu, kama unavyomwita wewe. Sasa chuo kikatutia chumba kimoja, na kila mmoja wetu anatakiwa awashe kamera.

Mkutano wa kwanza nilivaa kilemba na nikaigeuza simu ielekee kalenda ya ukutani. Kuka naye aliielekeza yake juu. Simiyu akavumilia dakika kumi, halafu akasema, "Walimu, samahani bana. Mimi naona paa la mtu na kalenda ya mtu. Kwani watu wenyewe wako wapi?" Nekesa alicheka mpaka akazima sauti yake. Kuka akajibu kwa utaratibu kwamba wote tuko na kazi iendelee.

Kazi ilikuwa ya kutafuta kwa nini watoto hukosa shule wakati wa mavuno. Kila mtu akapewa sehemu. Kuka akachukua ya kuwauliza wazazi, na aliifanya kwa bidii ambayo sisi vijana hatukuwa nayo. Alitembea nyumba kwa nyumba kwa miguu, akajaza hojaji ishirini na nne, akazipiga picha moja moja akazituma kwenye kundi. Nilizifungua nikiwa nimesimama ofisini kwetu shuleni, wakati wa mapumziko. Ya kwanza, mzazi amejibu ndiyo. Ya pili, ndiyo. Wote ishirini na nne walijibu ndiyo. Nikaangalia swali lenyewe. Alikuwa ameuliza: "Je, huoni kwamba mtoto anafaa kuwa shuleni hata wakati wa mavuno?"

Niambie, ni mzazi gani wa kijiji kile angemtazama Mwalimu machoni, mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe kusoma, aseme la?

Kosa lilikuwa wazi, na lilikuwa dogo. Mtu yeyote kati yetu watatu angeweza kulisema. Nikampigia Simiyu. "Wewe ndio mtu wake, mwambie," akasema. Nikamweleza habari ya ukwe. Akasema basi Nekesa. Nekesa naye akaniambia, "Mimi alinifundisha darasa la sita, nitaanzia wapi? Nitamwambia ati Mwalimu umekosea? Hata ulimi utakataa."

Basi nikafungua kundi la pili. Nisiseme tulifungua. Mimi ndiye niliyelifungua, kwa kidole changu, nikawaingiza wawili wale, nikaliita Kazi. Nikasema tutamalizia huko, sehemu ya Kuka nitaiandika upya mimi, na jina lake litakaa pale pale. Niliona nimefanya jambo la busara, hata la upole. Hakuna aliyeaibishwa.

Kundi la kwanza hatukulifunga. Kuka aliendelea kuandika humo majuma sita. Kila ujumbe ulianza kwa salamu na kuishia kwa maombi, na katikati kulikuwa na kazi: ameenda tena kwa familia fulani, ameona hivi, anashauri hivi, sisi tunaonaje? Tukawa tunajibu kwa zamu. Asante sana Mwalimu. Mungu akubariki Mwalimu. Kisha tunavuka upande wa pili na kuendelea na shughuli zetu.

Kazi ikapata alama nzuri. Mhadhiri akaisifu mbele ya darasa zima, na hasa ile sehemu ya wazazi. Jioni hiyo Kuka akaandika kwenye kundi la kwanza: "Nimeisoma kazi yetu. Sehemu yangu imeandikwa vizuri kuliko nilivyoiandika." Sisi tukamtumia vidole gumba. Nekesa akaongeza maua.

Baadaye ukaja mtihani, na mtihani hakuna wa kukuandikia. Swali kubwa lilikuwa la kutunga hojaji. Kuka akatunga vile vile alivyojua, maana hakuna aliyemwambia kwamba alivyojua kuna tatizo. Tena alikuwa na alama nzuri ya kumthibitishia kwamba yuko sawa. Akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Akaandika ujumbe mfupi, huo haukuwa na maombi, kwamba anatushukuru kwa ushirikiano na amejiondoa. Mwaka ule akastaafu bila shahada.

Mimi nilihitimu. Unakumbuka sherehe hapa nyumbani. Kuka alikuja na mbuzi, akasimama akanisifu mbele ya ukoo mzima kwamba nimeiletea familia heshima. Watu wakapiga vigelegele. Wewe ulinipiga picha nikiwa nimeinamisha kichwa, na hadi leo shangazi zako husema ona mkaza mwana mwenye adabu. Haikuwa adabu, Nafula. Nilikuwa naona haya.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa mila. Nilijiambia, mkwe hakosolewi, ningefanyaje? Lakini njia zilikuwepo. Babako angeweza kumfikishia. Shangazi yako angeweza. Ningeweza kumwomba mhadhiri aiangalie ile hojaji mapema. Watu wetu hawajawahi kushindwa kumfikishia mkwe neno. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani bila simu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka. Nilikuwa na madarasa mchana, wewe na nduguzo jioni, na mzee mmoja anayeandika kwa kidole kimoja. Nilichoka kumngoja. Halafu uchovu wangu nikauvika nguo ya heshima, ukapendeza, kila mtu akausifu.

Na kuna jambo lingine ambalo sipendi kulikumbuka. Alipojiondoa, nilirudi kwenye kundi la kwanza nikasoma jumbe zake tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza nikizisoma kweli. Katikati ya moja ndefu, baada ya salamu za watu wote wa nyumbani, alikuwa ameandika kwamba watoto wengi waliokosa shule hawakuwa shambani hata kidogo. Walikuwa nyumbani wanalea wachanga, kwa sababu mama zao wamekwenda kuvuna kwenye mashamba ya watu. Alikuwa amehesabu nyumba tisa. Ripoti yetu nzuri haikuwa na neno hilo popote. Tulikuwa tumeandika kurasa kumi na nne za watoto wanaovuna, na mtu pekee aliyekwenda kuwaona hatukumsikiliza. Mimi ninafundisha darasa la sita, nina wasichana kama hao kila mwaka, na ningewasaidia mapema kama ningesoma ujumbe mmoja mpaka mwisho.

Kwa hiyo usifikiri nilimkosea yeye tu. Nilitoka na cheti, lakini nusu ya yale niliyokuwa nimeenda kujifunza niliyaacha kule nilikomwacha yeye.

Sasa sikiliza la mwisho, ambalo hata babako nilimwambia juzi tu.

Mwezi wa nne Kukhu wako, mke wa Kuka, alipolazwa hospitali ya misheni pale Lugulu, nilikwenda kumwona na shangazi yako. Tulipotoka wodini tukamkuta Kuka ameketi kwenye benchi la nje. Shangazi akaketi katikati, mimi mwisho wa huku, Kuka mwisho wa kule, sote tunaangalia mbele kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Tukakaa. Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ni kumwona amekonda. Nikamwambia shangazi yako, kwa sauti ya kutosha, "Mwambie Baba kwamba nina neno la kumwomba radhi." Nikalisema lote, kundi la pili, kuandika upya sehemu yake, lote. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Kuka hakushtuka. Akasema, "Mwambie mama Nafula mimi nilijua tangu wiki ya pili."

"Anasema alijua," shangazi akaniambia, kana kwamba sina masikio.

"Mwambie kwamba yule kijana wa Kitale alikosea grupu. Alituma huku neno la huko, ati Mwalimu asiambiwe. Akafuta haraka, lakini mimi nilikuwa nimeshika simu."

Nikauliza, kupitia shangazi, kwa nini hakusema kitu.

Akajibu, "Nilikuwa nangoja. Niliona nyinyi ni watu wazuri, nikasema mmoja wao atakuja aniambie nimekosea wapi. Mimi nimefundisha miaka thelathini na nne. Hakuna mtoto nilimficha kosa lake. Kumbe mimi ndio nilifichwa. Mlinipa alama, mkaninyima masomo."

Shangazi yako hakuyarudia hayo. Aliinama akaanza kufungua na kufunga mkoba wake.

Halafu Kuka akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika nyumba yetu. Aligeuka, akaegemea mbele ili shangazi asituzuie, akaniangalia mimi mwenyewe. "Sasa niambie," akasema. "Ile sehemu yangu. Ilikuwa na shida gani?"

Nikamwambia. Nikasema, Baba, swali lako lilikuwa limeshabeba jibu. Uliwauliza kama hawaoni kwamba mtoto anafaa kuwa shuleni, nani angekukatalia? Ungeuliza tu, mtoto wako alikuwa wapi wiki iliyopita? Halafu ungenyamaza, wangekuambia wenyewe. Hayo tu ndiyo niliyosema. Nadhani hata dakika mbili hazikuisha.

Alikaa akiyapima. Midomo yake ilikuwa inalirudia swali jipya polepole, mara moja, mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe ni hilo tu?"

Nikasema ndiyo, ni hilo tu.

"Hilo si ningerekebisha jioni moja."

Akarudi akaegemea ukuta. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma, maana hasira ningeijibu. Nilimwambia arudi chuoni, nitamsaidia, nitamsomea. Akasema macho sasa hayataki simu, na Kukhu anahitaji mtu wa kukaa naye. Alinishukuru kwa kumfundisha. Neno hilo alilitumia, kwamba nimemfundisha, mimi mkaza mwana wake, kwenye benchi la hospitali, miaka mitatu baada ya siku aliyolihitaji.

Mwanangu, huko uendako watakupanga tena na tena na watu usiowachagua. Wengine watakuwa wazito, wengine watapotea wiki nzima kisha waje na maelezo marefu, wengine watakuwa hawajui kitu na hawajui kwamba hawajui. Utachoka nao. Ninakujua, una haraka yangu, nimekuona ukimnyang'anya ndugu yako ufagio kwa sababu anafagia polepole. Na una upole wangu pia, ule unaoona afadhali kumbeba mtu kuliko kumwambia neno. Hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja anayejua kuandika vizuri, vinafanya yale niliyofanya mimi, na havimwachi hata ajue kwamba amefanya. Heshima si utumwa, Kuka mwenyewe alikuwa anapenda kusema hivyo, na mimi sikuwa nimeelewa kwamba kumheshimu mtu hakukufungi mdomo.

Siwezi kukuamuru kitu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi utapanda gari la kwenda chuoni, utakuwa mtu wa kwako, na kazi ni yenu, si yangu. Labda hata sehemu ya Chemtai haifai kweli, sijaiona. Labda mkimwambia atakasirika, labda atalia, labda mtandao utakatika katikati ya neno na mtaanza upya. Sijui. Ninalojua ni kwamba ule ujumbe wa dakika saba hukuusikiliza, na bado unasema hauko kwa swali.

Ninakupenda sana. Nilipaswa kukuambia haya Alhamisi, pale pale kwenye mahindi, nikakimbilia jikoni. Nimekuwa mtu wa kumficha mtu kosa lake mara mbili sasa, na mara ya pili ni wewe.

Kuka hakuna la kumfanyia tena. Lakini Chemtai, Nafula, huenda ameshajua. Huenda hata sasa hivi amepanda mahali penye mtandao, ameshika simu, anaangalia lile kundi la kwanza, anangoja mmoja wenu aje amwambie amekosea wapi.

Mimi mamako